Fundi Gundi na Miaka Saba ya Mkewe

Watu wa mahakamani walimwita Fundi Gundi, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilisema kweli. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu vya sheria katika chumba kilicho chini ya maktaba ya mahakama. Aliletewa matoleo ya gazeti la serikali yaliyotawanyika, akayapanga kwa tarehe, akayashona kwa uzi mnene, akayapaka gundi mgongoni na kuyavisha jalada jekundu. Hata baada ya kunawa mara tatu mkewe alikuwa akimwambia, "Baba Pacha, ukinishika unanata." Alisema hivyo kwa kucheka, enzi zile alipokuwa bado anacheka.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Mtaani aliitwa Mwalimu, na nyumbani Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokuwa shule ya bweni. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini na macho makubwa, na wanafunzi walimwogopa pasipo yeye kuwahi kuinua fimbo.

Tusimfiche: Gundi alikuwa mtu wa wivu. Hakuwa wa kupiga wala kutukana. Wivu wake ulikuwa kama moto wa pumba, juu majivu, chini kaa. Aliwahi kumwonea wivu mtangazaji wa redio kwa sababu mkewe aliisifu sauti yake. Aliwahi kumwonea wivu daktari wa meno, ati amekaa muda mrefu mno kinywani mwa mke wa watu. Dada yake mkubwa alimwambia siku moja, "Wewe hata ungeoa kipofu, ungeionea wivu fimbo yake." Gundi alicheka kwa adabu, lakini lile neno lilimkaa kooni siku mbili.

Kabla ya uchaguzi ule, wivu huo ulikuwa hauna pa kushika. Uchaguzi ndio uliompatia.

Mwaka ule Mama Pacha aliteuliwa kuwa karani wa kura katika kituo kilichowekwa shuleni kwake. Aliondoka asubuhi akiwa na chupa ya chai na kalamu mbili. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Hakula, akasema kichwa kinamuuma. Kichwa kile kilimuuma wiki, kikamuuma mwezi, kisha kikageuka kuwa tabia. Akawa mtu wa kushtuka mlango ukigongwa. Gundi alipomuuliza kuna nini, alijibu, "Uchovu tu." Mwanamume akijibiwa uchovu tu kwa miaka sita, hutafuta jibu lake mwenyewe.

Jibu lilijitokeza likiwa limevaa shati lililopigwa pasi. Karani mwenzake wa kituo kile alikuwa mwanamume mrefu aliyefanya kazi kwenye mizani ya malori, barabara kuu, na kwa hiyo watu wakamwita Mizani. Siku moja Gundi na mkewe walikutana naye nje ya posta. Mizani aliwaamkia vizuri, akamshika Gundi mkono, akauliza habari za watoto. Kisha akamtazama Mama Pacha, naye Mama Pacha akamtazama, na wote wawili wakaangalia chini kwa wakati mmoja. Ni kitu cha kufumba na kufumbua, lakini Gundi alikiona, na roho yake ikafanya paa.

Tangu hapo akaanza kuhesabu. Akagundua kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mkewe alikuwa na mkutano wa walimu, na kwamba mkutano huo haukuwahi kuahirishwa hata shule zilipofungwa. Jumamosi moja akamfuata. Alitembea upande wa pili wa barabara kama mwizi, mtu mzima mwenye mvi, akijificha nyuma ya vibanda vya magazeti. Mkewe alienda moja kwa moja hadi bustani ya manispaa, akaketi kwenye benchi. Mizani alikuwa amekwisha kufika.

Hawakushikana. Hawakukaa hata karibu. Kati yao angeweza kuketi mtu wa tatu. Walizungumza kidogo, wakanyamaza kirefu. Mwishowe Mama Pacha aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na Mizani akatoa leso mfukoni, leso nyeupe iliyokunjwa pembe nne, akamsogezea juu ya mbao za benchi. Kama wangebusiana, Gundi angevuka barabara akamaliza. Lakini leso ile ilimshinda. Mkewe alikuwa hajalia mbele yake tangu kifo cha mama yake.

Akaenda kwa dada yake.

"Umewaona wakifanya nini?" dada mtu akauliza.

"Wamekaa."

"Basi hata mimi nimekaa."

"Amelia, dada. Amelia mbele yake."

Dada yake aliacha kukunja nguo. "Hilo si dogo," akakiri. "Lakini kamuulize mwenyewe. Wivu ni kama shilingi chooni. Ukiinama kuitafuta unachafuka, na pengine usiione."

Hakumuuliza. Alirudi nyumbani akaanza kupekua. Alipekua mikoba, mifuko ya makoti, boksi la vyeti, asipate kitu. Ni ufundi wake uliomfikisha. Juu ya rafu kulikuwa na kitabu cha hesabu cha mkewe, ambacho Gundi alikijalidi kwa mkono wake mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikichukua bila nia, akakifungua, na kidole chake kikasimama penye karatasi ya ndani ya jalada. Ukingo ulikuwa umebandikwa upya, kwa gundi nyepesi ya watoto wa shule, gundi ambayo yeye asingeitumia hata kubandika tangazo. Akauinua kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa.

"Usijibebeshe mzigo," iliandikwa. "Ile namba ya kituoni niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na mkono wangu ndio utakaoulizwa. Imebaki miezi minne itimie miaka saba, kisha sheria itafumba macho. Nivumilie. Tukishavuka tutapumua." Chini yake: Mizani.

Mtu mwingine angeona kwamba hapa pana kosa la jinai. Gundi aliona maneno mawili. Nivumilie. Tutapumua. Akajiuliza watapumua wapi, na nani, na yeye atakuwa amewekwa upande gani wakati wenzake wanapumua. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akabandika ukingo wa jalada kwa gundi yake nzuri.

Wiki ile ile lililetwa kazini toleo jipya la gazeti la serikali. Kwa kawaida hakuwa akisoma anachokishona. Mtu akisoma sheria zote anazozishona, alizoea kusema, hatashona hata moja. Siku hiyo jicho lake lilinaswa na neno uchaguzi. Alikaa kwenye kigoda akaisoma sheria yote, akarudia. Makosa makubwa, yakiwemo ya uchaguzi, ambayo zamani hayakuweza kushtakiwa baada ya miaka saba, sasa yangeweza kushtakiwa hadi miaka kumi na mitano. Na mabadiliko hayo yangegusa kosa lolote ambalo miaka yake saba ilikuwa haijatimia siku sheria ilipoanza kutumika. Ilikuwa imeanza siku tisa zilizopita. Ya Mizani ilikuwa imebakiza miezi minne.

Hakulichelewesha jambo lile hata siku moja. Saa ya chakula cha mchana alitia barua ya Mizani katika bahasha, akaandika jina la shule, tarehe ya uchaguzi na mahali Mizani anapofanya kazi, akapanda ngazi hadi ofisi ya waendesha mashtaka na kuitumbukiza kwenye sanduku la malalamiko. Aliposhuka alijisikia mwepesi. Alijiambia, hii si fitina, hii ni sheria. Nani anaweza kulaumiwa kwa kusaidia sheria? Jioni alimnunulia mkewe maembe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hakikupita kitambo. Wiki ya tatu polisi mmoja mpole alikuja nyumbani na samansi. Gundi aliipokea mlangoni akitabasamu, akidhani ni ya mahakamani kwake, mpaka aliposoma jina. Lilikuwa la mkewe.

"Kuna kosa," alimwambia polisi. "Mhusika ni mwanamume."

"Fomu ya matokeo ina saini tatu, mzee," polisi akajibu. "Ya msimamizi wa kituo na za makarani wawili. Wote wanaitwa."

Hapo ndipo Gundi alipojumlisha. Makarani wawili. Kituo kimoja. Fomu moja. Miaka yote ile alikuwa ameoa hesabu, asijue kujumlisha moja na moja. Alimtazama mkewe, aliyekuwa ametoka jikoni akifuta mikono. Mama Pacha aliisoma samansi akiwa amesimama, akaikunja, akasema kwa utulivu uliomtisha mumewe, "Sawa. Imefika."

Mama Pacha alikwenda kwa mwendesha mashtaka mara nne. Mwendesha mashtaka huyo alikuwa mama mfupi, miwani daima juu ya paji la uso, na Gundi alimfahamu kwa sababu alikuwa akiazima vitabu vya maktaba na kuchelewa kuvirudisha. Mama Pacha alikaa ofisini mwake asubuhi nzima, na kila aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kidogo zaidi, kama mtu anayetua kuni kijiti kimoja kimoja.

"Umewaambia nini?" Gundi akauliza mara ya pili.

"Nimekatazwa kuzungumza mpaka kesi isikilizwe."

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe."

Basi wivu ukahamia huko. Ilikuwa aibu hata kuusema: kumwonea wivu mama wa makamo mwenye miwani pajini. Lakini yule mama alikuwa amepewa kwa asubuhi nne kitu ambacho yeye alikingojea miaka sita na ushei kwenye kitanda kimoja, na kukikosa. Siku moja alikuja maktaba akamsalimia, "Fundi, mkeo ni mtu wa pekee," naye Gundi akajichoma sindano hadi damu ikatoka.

Chini ya wivu kulikuwa na kitu kizito zaidi. Alijua ni nani aliyeileta samansi ile. Alikula akijua, akalala akijua. Siku ya thelathini na nane tangu samansi ifike, Jumapili alasiri, mkewe alikuwa mezani akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu. Gundi aliketi mbele yake.

"Mama Pacha, ile barua niliipeleka mimi."

Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza safu ya majumlisho, akaandika alama, akafunga daftari.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Yule mama alipoitoa kwenye bahasha nilijua. Hakuna mwingine aliyeweza kuitoa pale bila kuchana jalada."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utakaa nayo siku ngapi. Mimi nilikaa na yangu karibu miaka saba, nisingeweza kukuharakisha."

Gundi aliangalia mikono yake. Alitaka kuomba radhi, na ndicho alichokijia, lakini kinywa kilitoa kingine.

"Kwa nini yeye? Kwa nini ulilia kwake, hukulia kwangu?"

"Ulinifuata?"

"Nilikufuata."

Alivuta pumzi. "Wewe ungenihurumia, Baba Pacha. Ungenibembeleza, ungeniambia si kosa langu. Yeye hakuwa na la kuniambia. Alikuwa ndani ya shimo lile lile."

"Ulimpenda?"

Hapo alifikiri, na kule kufikiri kulimuuma Gundi kuliko jibu lolote.

"Si kama unavyodhani. Lakini nilikuwa nahesabu siku za kumwona, hilo ni kweli. Mbele yake tu sikuwa najifanya. Ukitaka kuliita hilo kupenda, liite. Mimi nimechoka kudanganya, sitaanza tena leo."

Laiti angesema ndiyo, Gundi angejua pa kushika. Angepiga meza, angemwita dada yake, angefunga virago. Lakini kitu hiki hakikuwa na mpini. Alinyanyuka akaenda kusimama uani, akasimama mpaka miguu ikamfa ganzi, na aliporudi mkewe alikuwa amekwisha kuwasha taa na kuendelea na daftari la mwisho.

"Nisamehe," akasema.

"Nitajaribu," akajibu. "Na wewe jaribu."

Kesi ilisikilizwa miezi mitano baadaye. Mizani alikiri kosa. Msimamizi wa kituo, ambaye tangu uchaguzi ule alikuwa amepanda cheo hadi ofisi yenye zulia, alikana. Wakili wake alikuwa na hoja moja kubwa: hati ya mashtaka ilifunguliwa wiki tatu baada ya miaka saba kutimia, na si haki kumsogezea mtu mstari wa mwisho akiwa anaukaribia. Hakimu aliomba aletewe kitabu chenye sheria hiyo mpya. Aliyepanda nacho ngazi alikuwa Fundi Gundi. Alikiweka mezani, akarudi kuketi nyuma ya mkewe.

Hakimu alisoma kwa muda mrefu. "Aliyekwisha kuuvuka mstari, hakuna wa kumrudisha uwanjani," akasema mwishowe. "Lakini siku sheria hii ilipoanza, mshtakiwa alikuwa bado anakimbia. Kesi iendelee."

Mama Pacha alipanda kizimba cha mashahidi. Gundi alisikia kwa mara ya kwanza, pamoja na waandishi wa habari, walinzi na wapita njia waliokimbia mvua, kilichompata mkewe. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, msimamizi alifunga mlango wa darasa kwa ufunguo, akatoa fomu mpya. Mgombea aliyepata mia mbili na kumi na nne alitakiwa awe na mia sita na kumi na nne. Mama Pacha alikataa kusaini. Akaambiwa tena, akakataa. Mara ya tatu msimamizi alimtajia jina la shule ya bweni ya mapacha, na bweni wanalolala, na upande wa kitanda chao. Akasaini.

"Miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha watoto wa watu kwamba mbili haiwezi kuwa sita," alisema. "Kila asubuhi darasani niliona haya."

Kisha Mizani, bila kuulizwa, akaomba kusema. "Mheshimiwa, mama huyu alikataa mara mbili, nami niliona. Mimi sikukataa hata mara moja. Niliandika kabla ya kutishwa."

Gundi aliuma meno. Alijua kwamba ndivyo mwanamume anavyotakiwa kusema, na kwamba aliyesema hivyo kwa ajili ya mkewe si yeye. Yule angekwenda jela akiwa amenyooka mgongo; yeye angerudi nyumbani huru, akiwa mpeleka bahasha. Kati ya wivu wote alioupata maishani, ule wa dakika ile ndio uliokuwa mkali kupita yote, kwa sababu safari hii hakuweza kumlaumu mtu.

Msimamizi alihukumiwa miaka minne, Mizani miezi kumi. Mama Pacha hakufungwa, kwa kuwa alitishwa na kwa kuwa alisema kweli, lakini shuleni alivuliwa ukuu wa somo la hesabu, na hatashika tena kazi yoyote ya uchaguzi. Kuna wazazi waliomwamkia zaidi kuliko zamani, na kuna waliovuka barabara wamkwepe. Usingizi ulimrudia. Alilala kama mtoto, kinywa wazi, na Gundi akawa ndiye anayekesha kumtazama.

Mwezi wa kwanza wa kifungo, Mama Pacha alisema, "Nataka kwenda kumwona." Gundi alisema nenda. Alimsindikiza hadi lango la gereza, akabaki nje kwenye ukingo wa saruji, akiitazama saa. Muda wa kutembelea ni dakika ishirini. Alitoka baada ya ishirini na tano. Njiani alimweleza kila kitu walichoongea, neno kwa neno, bila kuulizwa: afya, chakula, paa linalovuja. Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo. Mwezi wa tatu walipofika langoni, mkewe alimshika mkono wa shati.

"Leo unaingia."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ulilofanya. Halafu nyamaza, akujibu."

Akaingia. Mizani alikuwa amekonda. Waliketi watatu, meza kati yao, na Gundi akasema lile jambo akitazama kucha zake.

"Nilikulaani sana, fundi," Mizani akasema. "Siku hizi nalala, basi nimepunguza."

Kisha akauliza mapacha wameingia kidato cha ngapi. Mama Pacha akamjibu, wakacheka kitu fulani cha kituoni, cha mlinzi aliyesinzia juu ya boksi la kura, kitu ambacho Gundi hakukijua wala hakueleweshwa.

Walipokuwa wakirudi kwa miguu, Gundi alihesabu hatua mia hivi. Ndipo akasema, kwa sauti, kitu ambacho hakuwahi kumwambia mkewe tangu amwoe.

"Nina wivu. Hata sasa hivi, ninavyotembea hapa, nina wivu."

"Najua," Mama Pacha akasema.

"Sidhani kama utaisha."

"Usipoisha utaniambia. Usiupeleke sandukuni." Akamshika mkono, ukanata, hakuuachia. "Tupitie sokoni kabla hawajafunga. Nyumbani hakuna sabuni."